Mche wa sabuni ya kunyolea usiufunike ungali umelowa

Juzi mteja wangu mmoja alifungua mkoba wake, akanitolea kibomba cha plastiki kilichojaa tope jeupe. "Fundi, sabuni hii imeoza," akasema, "na hata ilipokuwa nzima haikuwa na povu la maana." Nikacheka. Sikumcheka yeye, malalamiko hayo mawili nimeyazoea kuja yakiwa yameshikana mikono, na mkosaji huwa mmoja: maji. Usoni alikuwa akiyatia machache mno, na akishanyoa alikuwa akiufungia mche wake ndani pamoja na maji yote yaliyobaki juu yake.

Ninaposema mche simaanishi ule mrefu wa kufulia. Nazungumzia kipande cha sabuni chenye umbo la gogo dogo, unene wa vidole viwili hivi, kinachosuguliwa moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, kisha brashi ikaja kuumua povu papo hapo usoni. Bakuli halihitajiki. Ni kitu cha zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya J.B. Williams ya Glastonbury, huko Connecticut, Marekani, ilikuwa tayari ikiuza miche ya namna hii, na mwanzoni mwa karne ya 20 Colgate wakaja na kishikio cha chuma ambacho sabuni yenyewe ilichongwa mikato kama ya skrubu ili izungushwe ndani yake. Siku hizi utakutana na Arko wa Uturuki, wenye gramu 75 na umevikwa karatasi tu, au Palmolive, au La Toja wa Uhispania, au Speick wa Ujerumani. Nimetumia yote. Ninaourudia ni Arko, ingawa harufu yake ina wanaoikimbia.

Tuanze na kilichomo ndani, maana bila hicho habari ya kuhifadhi itaonekana kama masharti ya mganga. Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na alkali. Alkali ya sodiamu hutoa sabuni ngumu, kama ile ya kuogea. Ya potasiamu hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi. Sabuni ya kunyolea huchanganya zote mbili: sodiamu ili mche usimame, potasiamu ili ukubali maji haraka. Mafuta yake nayo huchaguliwa kwa kazi. Shahamu ya ng'ombe na mawese yana asidi ya steariki na ya palmiti, na hizo ndizo zinazotoa povu zito, la vitone vidogo vidogo, linalokaa usoni bila kuanguka. Mafuta ya nazi hutoa mapovu makubwa ya haraka, ila yakiwa peke yake hupasuka kabla hujafika shingoni. Juu ya hayo kuna gliserini, inayovuta unyevu na kuulinda ngozini.

Sasa kumbuka neno hilo, kuvuta unyevu. Gliserini na sabuni ya potasiamu hazichagui unyevu wa usoni tu. Mche uliofungiwa kwenye kibomba chenye matone ya maji utaendelea kuyanywa usiku kucha, hadi ncha yake ilegee, ishikamane na kifuniko, na siku ukifungua ukute umetoka nusu. Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri wiki mbili na mche mpya niliokuwa nimeufunika asubuhi ya kuondoka, ukiwa bado unang'aa maji. Nilipofika nikazungusha kitako cha kibomba ili sabuni ipande. Kitako kikazunguka, sabuni ikabaki palepale. Chini ilikuwa imelainika ikaachia kishikio. Nikanyoa wiki mbili nzima kwa kuichota kwa kidole.

Lakini kwanza matumizi, kwa sababu huko ndiko wengi hukata tamaa.

Ndevu kavu ni ngumu mno kwa wembe. Zikinywa maji huvimba na kulainika, na hilo huchukua dakika 2 au 3, wala hakuna sabuni inayoweza kulifupisha. Kwa hiyo nyoa ukitoka kuoga, au nawa uso kwa maji ya uvuguvugu kisha uusahau kidogo. Usijifute. Uso ukae unadondosha maji.

Chovya ncha ya mche majini mara moja, halafu usugue kwenye ndevu ukienda kinyume na zinavyolala. Ndevu ndizo zinazoukwangua mche, kama kikuno. Tega sikio: mwanzoni utasikia mkwaruzo mdogo, kama wa msasa laini juu ya mbao, na mkononi utahisi mche unashikwa na kuachiwa. Mkwaruzo ukififia na mche ukaanza kuteleza, sehemu hiyo imetosha; hamia nyingine. Uso mzima hauzidi nusu dakika. Kidevuni na juu ya mdomo ongeza kidogo, maana ndevu za hapo ni nene na povu hukauka mapema. Mashavuni juu, pasipoota kitu, usipake. Sabuni haishiki huko, na brashi italifikisha povu lenyewe. Kichwa chenye vinyweleo vya siku mbili tatu nacho hukwangua sabuni vizuri kabisa, kwa wanaonyoa kipara.

Ukimaliza uso utakuwa na utando mweupe unaonata. Hilo si povu bado. Watu wengi hufika hapa, wakapitisha brashi mara tatu, wakaona ukungu mwembamba, wakachukua wembe. Matokeo yake ni ngozi kuwaka moto na lawama kumwendea mtengenezaji.

Chukua brashi. Ya nywele za nguruwe ilowekwe dakika chache kabla, ya nyuzi za sintetiki haina haja. Itikise ibaki na unyevu, isiwe inachuruzika. Anza kuizungusha shavuni. Kwa sekunde kumi na tano za kwanza utando utakuwa mzito, mkavu, hauna mng'ao, na brashi itaburuta. Hapo ndipo chovya ncha tu za brashi majini, robo sentimita hivi, uendelee. Povu litafunguka. Chovya tena. Mara ya tatu au ya nne kuna badiliko ambalo mkono hulijua kabla ya jicho: brashi huacha kuburuta, huanza kuogelea, na povu hupata mng'ao kama rangi ya mafuta iliyotoka tu kupakwa ukutani. Hilo ndilo unalolitaka. Ukiligusa kwa vidole viwili na kuvisugua, viteleze bila kusikia ngozi ya mwenzake. Ukiona mapovu makubwa yenye matundu na maji yanateremka shingoni, umepitiliza. Pitisha mche mara mbili kidevuni, uchanganye upya.

Kati ya kosa la maji machache na la maji mengi, la kwanza ndilo la hatari zaidi kwa ngozi, kwa sababu hudanganya. Povu kavu huonekana nono kwenye kioo, limesimama vilele vilele, picha yake inapendeza. Ila chini yake wembe hauna kitu cha kutelezea.

Ikiwa umefuata yote hayo na povu bado linakufa mikononi, chunguza maji yako. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo huishika sabuni na kuigeuza ukoko usioyeyuka, ule unaoganda pembeni mwa beseni. Sabuni inayoliwa na madini haibaki kutoa povu. Baadhi ya maji magumu hulainika kwa kuchemshwa. Ukoko mweupe ndani ya birika ni madini yaliyokwisha kutoka. Chemsha, yaache yatulie, tumia ya juu, au lowesha brashi kwa maji yaliyokenekwa. Watengenezaji wengine huongeza EDTA, ambayo huyakamata madini hayo kabla hayajaifikia sabuni. Litafute neno hilo kwenye karatasi ya mche ukiwa unaishi na maji ya aina hiyo.

Nina tahadhari moja kwa wenye nywele za kujipinda, tunaosumbuliwa na vipele pale unywele uliokatwa unapojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kusugua mche kinyume na ndevu juu ya shingo yenye vipele ni kuvichubua kwa makusudi. Siku kama hiyo usiupake usoni. Izungushe brashi yenye unyevu juu ya ncha ya mche kwa nusu dakika mpaka ijae, halafu ipeleke usoni kwa mkono mwepesi. Wembe nao ufuate ndevu zinakolala, na ngozi usiivute.

Na mche mmoja ni wa uso mmoja. Nawaambia hili hasa vinyozi wenzangu. Kunyoa huacha mikato isiyoonekana, mche hupita juu yake, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Dhana kwamba sabuni hujisafisha yenyewe siiamini na sitaki kuijaribu kwa mteja. Kwenye kiti changu hukata vipande vyembamba kwa kisu safi, navitia bakulini, naumua povu humo, na kinachobaki humwagwa.

Turudi kwenye kuhifadhi. Ukishanyoa, suuza ncha ya mche kwa haraka ili vinyweleo vitoke. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ifute. Pembe kavu ya taulo inatosha, au kiganja. Hesabu yangu ni kwamba robo tatu ya kazi ya kukausha imekwisha hapo, kwa sababu ukiusimamisha mche ukiwa unachuruzika, maji hayapandi hewani; yanateremka kati ya sabuni na plastiki hadi kwenye kishikio, mahali pasipofikwa na hewa kamwe. Ndicho kilichoniangusha safarini. Baada ya kuufuta usimamishe wima bila kifuniko, mbali na mvuke wa bafu, mpaka kesho. Kifuniko ni cha safari na vumbi.

Miche iliyovikwa karatasi ya foili inayong'aa ina mtego wake. Karatasi hushika maji kwenye mikunjo, na sabuni iliyo chini yake hubaki teketeke hata kama ncha imekauka. Ama ichane kidogo kidogo kadiri mche unavyopungua, ukiiacha kavu, ama ifanye kama mimi: ivue yote siku ya kwanza, uweke mche kwenye kikopo chenye matundu. Usitumie kopo la bati. Linapata kutu, na kutu huingia kwenye sabuni na haitoki tena.

Ukiwa na miche miwili, ipokezane siku. Kila mmoja utapata saa 48 za kukauka, na utashangaa unavyodumu. Ukitumia gramu moja kwa kila kunyoa, wa gramu 75 unavuka miezi miwili. Mche uliolegea hupotea mara mbili ya hapo, kwa sababu kila ukiusugua unaacha bonge.

Kukauka nako kuna kiasi. Mche uliosahaulika miezi mingi hunywea, ukaanza kucheza ndani ya kibomba na kuchomoka ukiusugua. Funga ukanda mwembamba wa karatasi kitakoni mwake uurudishe, utashika. Mipasuko midogo juu si ugonjwa. Weka ncha majini dakika mbili. Lakini ukiona madoadoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyokaa sana, mafuta yake yameanza kuchacha. Tupa. Sioni sababu ya kusugua kitu hicho kwenye ngozi iliyokwisha kukwanguliwa na wembe.

Kwa msafiri mche ni rahisi kuliko krimu, kwa sababu ni kitu kigumu na masharti ya mililita 100 ya vimiminika kwenye mkoba wa ndani ya ndege hayaugusi. Unyoe jioni ya kuamkia safari, si asubuhi yake, ili ufungwe ukiwa mkavu. Ukishafika, kabla hata ya kutundika nguo, toa kifuniko.

Kinabaki kile kipisi cha mwisho, kisichoshikika. Kuna wanaokikuna kwa kikuno na kukigandamiza bakulini, nacho kinafanya kazi. Mimi nafuata njia ambayo Colgate walikuwa wakiitangaza zaidi ya miaka mia iliyopita: lowesha kipisi, lowesha kichwa cha mche mpya, vikandamize pamoja huku ukizungusha kidogo mpaka usikie vimenata, uache usiku kucha, bila kifuniko. Asubuhi ukisugua, cha zamani ndicho kinachotangulia kuisha.