Udhibiti wa ufikiaji baina ya moduli: nani anaruhusiwa kugusa nini ndani ya programu

Udhibiti wa ufikiaji baina ya moduli ni utaratibu ambao lugha ya programu huutumia kuamua ni sehemu ipi ya programu inayoruhusiwa kutaja, kusoma au kubadilisha vitu vilivyomo ndani ya sehemu nyingine. Moduli ni kipande cha programu chenye kazi yake mahususi na mpaka unaojulikana. Katika lugha moja mpaka huo ni faili, katika nyingine ni klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja, na katika nyingine ni kifurushi kinachobeba klasi nyingi kwa pamoja. Popote mpaka unapowekwa, swali la kujibiwa ni lile lile: kati ya fanksheni (vipande vya msimbo vinavyoitwa kufanya kazi fulani), vigeu (majina yanayobeba thamani) na aina za data zilizomo ndani, zipi zionekane kutoka nje, na zionekane na nani.

Chukua programu ya chama cha kuweka na kukopa. Moduli ya akaunti hutunza salio la kila mwanachama, na kila salio linapobadilika huandika muamala katika daftari. Ikiwa moduli ya mikopo inaweza kuligusa salio moja kwa moja, mwandishi wake aliyebanwa na muda ataandika mstari mmoja wa kupunguza salio kwa kiasi cha rejesho, na kazi itaonekana imekwisha, lakini daftarini hakutaandikwa kitu. Mwisho wa mwezi masalio hayatalingana na miamala, na atakayetumwa kulitafuta kosa hilo atalazimika kupekua programu nzima, kwa kuwa salio lingeweza kubadilishwa mahali popote. Salio likifungiwa ndani ya moduli ya akaunti, na nje zikabaki fanksheni mbili tu, ya kuweka na ya kutoa, ambazo zote huandika daftari kabla ya kumaliza kazi, upekuzi huo unaishia ndani ya moduli moja.

Kufunga huku hufanyika mara nyingi kwa jina tu. Waandishi wengi hukifunga kila kigeu, kisha hukitengenezea fanksheni ya kukisoma na nyingine ya kukibadilisha bila sharti lolote. Salio linaloweza kupangwa upya na yeyote kupitia fanksheni ya “wekaSalio” halijafungwa hata kidogo, limeongezewa maandishi tu. Uvujaji mwingine hauonekani upesi. Moduli huificha orodha yake ya miamala, halafu fanksheni yake ya wazi inamrudishia mwitaji, yaani msimbo wa nje ulioiita, orodha ile ile badala ya nakala yake. Kompaila, yaani programu inayoukagua na kuutafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, haioni kosa, kwa sababu jina la kigeu halikutajwa nje, lakini mwitaji sasa ameishika orodha yenyewe na anaweza kufuta muamala bila moduli ya akaunti kujua. Ndiyo maana udhibiti wa ufikiaji hauwezi kuachiwa maneno ya lugha peke yake. Hukamilishwa na mwandishi anayejua anachokitoa nje.

Kulinda data isiharibiwe, hata hivyo, ni nusu tu ya sababu, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo ndogo. Nusu kubwa ilielezwa na mwanasayansi wa kompyuta David Parnas katika makala iliyotoka Desemba 1972 katika jarida la Communications of the ACM. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, akaigawa kwa njia mbili. Mgawanyo wa kwanza ulifuata hatua za kazi: moduli ya kusoma maandishi, moduli ya kuzungusha maneno ya kila mstari, moduli ya kuyapanga kialfabeti, moduli ya kuchapisha, na zote zikajua jinsi mistari ilivyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika mgawanyo wa pili, kila moduli ilikabidhiwa uamuzi wa kiufundi wa kuuficha, na moja kati yake ndiyo pekee iliyojua mistari inahifadhiwaje. Nyingine ziliiomba herufi au neno kupitia fanksheni zake. Matokeo kwa mtumiaji yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuja pale Parnas alipouliza itakuwaje siku namna ya kuhifadhi mistari itakapobadilishwa: katika mgawanyo wa kwanza mabadiliko yangefika katika kila moduli, katika wa pili yangeishia katika moduli moja.

Kinachofichwa, basi, ni uamuzi unaoweza kubadilika kesho, na anayenufaika kwanza ni mwandishi wa moduli, ambaye hubaki na uhuru wa kuubadilisha bila kuomba ruhusa kwa kila anayeitumia. Jambo hili huchanganywa mara kwa mara na usalama wa mifumo. Neno “private”, ambalo lugha nyingi hulitumia kukifunga kigeu, likiandikwa mbele yake halimzuii mdukuzi wala halifichi nywila. Msimbo wenyewe unaweza kuwa wazi kwa kila mtu kuusoma. Linaiambia kompaila ikatae mstari wa msimbo ulioandikwa nje ya mpaka, basi. Katika lugha ya Java mpaka wa “private” ni klasi, wala si kitu kimoja kimoja kilichoundwa kwayo, na kwa hiyo akaunti moja inaweza kusoma salio lililofungwa la akaunti nyingine ya klasi hiyo hiyo. Jambo hilo huwashangaza wanafunzi, ingawa linaeleweka mara tu mtu anapotambua kwamba anayewekewa mpaka ni mwandishi wa msimbo.

Java ni mahali pazuri pa kuona faida na upungufu wa utaratibu huu kwa pamoja. Ina ngazi nne: “private” kwa klasi yenyewe, kutoandika neno lolote kwa kifurushi, “protected” kwa kifurushi pamoja na klasi zinazorithi, na “public” kwa wote. Klasi ya String, inayobeba maandishi, ilikuwa hadi toleo la 8 ikihifadhi herufi katika safu (orodha ya thamani zilizopangwa mfululizo) ambayo kila herufi ilichukua baiti 2. Toleo la 9, lililotoka Septemba 2017, liliibadilisha safu hiyo iwe ya baiti, na maandishi ambayo herufi zake zote zimo katika seti ya Latin-1, ya herufi za Kilatini za lugha za Ulaya Magharibi, yakaanza kutumia baiti 1 kwa herufi. Kiswahili kwa kawaida kimo katika kundi hilo, hivyo programu yenye majina na anwani za Kiswahili ilipunguziwa nusu ya nafasi ya herufi zake bila mwandishi wake kubadilisha neno. Badiliko hilo katika moyo wa lugha lilipita kimya kwa sababu safu ile ilikuwa imefungwa tangu awali. Waliopata taabu ni wale wachache waliokuwa wameupita mpaka kwa kutumia utaratibu wa Java unaoiwezesha programu kujichunguza yenyewe inapoendeshwa, wakaishika safu ya ndani na kutegemea kwamba ni ya herufi.

Upungufu ulikuwa katika ngazi ya juu. Klasi ya ndani ya Java iliyohitajika na vifurushi viwili vya Java yenyewe ililazimika kuwa “public”, na hapo ikawa wazi kwa dunia nzima, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kusema “wazi kwa wenzangu hawa tu”. Mfano maarufu ni sun.misc.BASE64Encoder, klasi ya kugeuza data kuwa maandishi ya kawaida kwa mfumo wa Base64. Haikuwa sehemu ya kiolesura rasmi, na kompaila ilitoa onyo kila ilipotumiwa kwamba inaweza kuondolewa, lakini mpaka toleo la 8 la mwaka 2014 hapakuwa na klasi rasmi ya jumla ya kazi hiyo, kwa hiyo watu wakaitumia. Toleo la 9 lilipoiondoa, programu zilizoitegemea zilikwama.

Toleo hilo la 9 ndilo lililoleta moduli zenyewe kama sehemu ya lugha. Moduli hutangazwa katika faili ya module-info.java, ambamo “requires” hutaja moduli zinazohitajika, na “exports” hutaja vifurushi vinavyotolewa nje. Kifurushi kinaweza hata kutolewa kwa moduli zilizotajwa kwa majina peke yake. Tangu hapo “public” imepunguzwa maana: klasi huonekana nje ya moduli yake pale tu kifurushi chake kinapokuwa kimetolewa na moduli inayoitaka klasi hiyo inaisoma moduli yake, kwa kawaida kwa kuitaja katika “requires”. Kufunga yaliyokwisha kuzoeleka, hata hivyo, hakukuwa kazi ya siku moja. Toleo la 9 liliendelea kuvumilia wanaojipenyeza katika vifurushi vya ndani wakati programu inapoendeshwa, likitoa onyo tu. Toleo la 16, Machi 2021, likafanya kukataa kuwa kawaida. Toleo la 17, Septemba mwaka huo huo, likaondoa swichi ya kurudisha uvumilivu huo kwa jumla, na anayeutaka sasa hutaja kifurushi kimoja kimoja anachotaka kifunguliwe. Kukifungua kitu ni neno moja. Kukifunga tena kuliichukua timu ya Java miaka minne, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuanza na kila kitu kikiwa kimefungwa.

Lugha nyingine zimechagua njia zao. Katika C neno “static” huifungia fanksheni ndani ya faili yake. Go hutazama herufi ya kwanza ya jina: kubwa ni wazi, ndogo ni ya kifurushi, tena kifurushi kilichomo katika folda iitwayo “internal” hakiwezi kutumiwa na msimbo ulio nje ya folda inayoibeba folda hiyo. Rust hufunga kila kitu mpaka mwandishi aseme “pub”, na ina ngazi ya kati ya kukifungua kitu kwa mradi wake mwenyewe tu. Eiffel ya Bertrand Meyer humruhusu mwandishi kuorodhesha klasi zinazoruhusiwa. Python hutegemea adabu: alama ya mstari wa chini (_) mbele ya jina humwambia msomaji asiguse, lakini hakuna kinachomzuia, na hata alama hizo mbili hubadilisha jina tu, “__salio” ndani ya klasi Akaunti likawa “_Akaunti__salio”. Kwa timu ndogo inayosomeana msimbo adabu hiyo hutosha. Kwa maktaba ya msimbo inayotumiwa na watu wasiojuana, naona haitoshi.

Kuna kitu kimoja ambacho ngazi hizi zote haziwezi kukifunga, nacho ni tabia ya moduli inayoonekana inapofanya kazi. Kuna kanuni inayojulikana kwa jina la mhandisi wa programu Hyrum Wright, iliyotokana na kazi yake Google, isemayo kwamba watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia inayoweza kuonekana itategemewa na mmoja wao, hata kama haikuahidiwa popote. Mpangilio ambao ramani, yaani jedwali la funguo na thamani zake, hutoa vilivyomo ni mfano wa kawaida: haujaahidiwa, lakini ukiwa haubadilikibadiliki mtu ataijenga programu yake juu yake. Waundaji wa Go waliona kwamba hakuna neno la lugha la kuuficha mpangilio huo, wakafanya mzunguko juu ya ramani uanze makusudi mahali pa kubahatisha kila unapoendeshwa, ili programu inayoutegemea ishindwe mapema, mbele ya mwandishi wake.