Fedha za ughaibuni kama asilimia ya pato la taifa

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ameingiziwa shilingi 200,000 mara mbili kwenye simu: moja kutoka kwa kaka yake aliyeko Kariakoo, nyingine kutoka kwa shangazi yake anayeishi Muscat, Oman, mwaka wa nne sasa. Akienda kutoa kwa wakala, noti ni zilezile. Kwenye takwimu, ya Kariakoo haimo kabisa, maana imetoka kwa mkazi wa Tanzania kwenda kwa mkazi mwenzake. Ya Muscat ndiyo fedha ya ughaibuni. Kinachotazamwa ni ukaazi, si pasipoti, na kwa kawaida aliyehamia nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi ni mkazi wa huko.

Ipo sehemu ya pili ya fedha za ughaibuni ambayo wengi huisahau: mishahara ya wanaofanya kazi nje kwa muda mfupi, pamoja na ya wakazi walioajiriwa na balozi za kigeni. Dereva Mtanzania wa ubalozi hapahapa nchini, mshahara wake wote umo, hata kama hajawahi kuvuka mpaka wala kumtumia mtu shilingi.

Kupata asilimia, chukua fedha zilizopokelewa mwaka mzima, gawanya kwa pato la taifa la mwaka huohuo, zidisha kwa 100. Tuseme zimepokelewa dola milioni 800 na pato ni dola bilioni 80. Geuza bilioni ziwe milioni kwanza: 800 ÷ 80,000 × 100 ni asilimia 1. Anayegawa 800 kwa 80 anatoka na 10, na kosa hili ni la kila siku. Tumia pato kwa bei za miaka husika, si kwa bei za mwaka wa kizio (mwaka mmoja uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganisha), na usichanganye mwaka wa kalenda na mwaka wa fedha unaoanza Julai.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani fedha hizi ni kipande cha pato la taifa. Nepal hupokea kiasi cha kama robo ya pato lake, lakini pato ni thamani ya kinachozalishwa ndani ya nchi, na hela ya shangazi haikuzalishwa hapa. Akituma ya kupaua nyumba Kongwa, kinachoingia kwenye pato ni ujira wa fundi na faida ya muuza mabati. Mabati yenyewe yakiwa yametoka nje, thamani yake inaondolewa.

Kwa hiyo asilimia ni kipimo tu cha ukubwa wa fedha hizi zikilinganishwa na pato. India hupokea zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, na bado ni kama asilimia 3 ya pato lake. Na asilimia inaweza kupanda bila senti moja kuongezeka, pato likishuka. Inaweza pia kusomeka ndogo kuliko hali halisi, kwa kuwa bahasha ya fedha aliyokabidhiwa msafiri anayerudi nyumbani mara nyingi haipiti benki wala kwenye simu.