Hakuna Kura Kwenye COP: Nguvu ya Nchi Zinazoendelea Inakaa Wapi?

Mwaka 2027 mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi, COP32, utafanyika Addis Ababa. Kwa kuwa safari hii ni jirani, maombi ya beji za kuingilia mkutanoni yanakuja pamoja na lile swali la kila mwaka: Afrika tuko nchi 54, G77 na China, kundi la nchi zinazoendelea, lina nchi zaidi ya 130, mbona hatupigi kura tukawashinda wachache?

Kura haipo. Kanuni ya 42 ya rasimu ya kanuni za uendeshaji, inayohusu upigaji kura, haijapitishwa tangu COP1 ya Berlin mwaka 1995, kwa hiyo maamuzi hupita kwa maafikiano, yaani bila nchi kuweka pingamizi rasmi. Tunaomba jambo hili lieleweke, maana lawama nyingi kwa wajumbe wetu zimejengwa juu ya kura isiyokuwapo.

Faida ya wingi ni kugawana vyumba vya majadiliano. Mada nyingi hujadiliwa kwa saa ileile, na nchi yenye wajumbe wachache haiwezi kukaa kote. Kundi huteua mratibu kwa kila mada, naye husema kwa niaba ya wote. Tanzania imo G77, imo Kundi la Afrika, ambalo inaliongoza kwa 2025 na 2026, na imo kundi la nchi zenye maendeleo duni. Kenya haimo katika hili la mwisho.

Kinachogombewa ni maandishi. Maneno yasiyoafikiwa hufungwa kwenye mabano, na kazi kubwa ya kuyafungua hufanyika kwenye vikao vya maandalizi Bonn, Ujerumani, mwezi Juni, si kwenye hotuba za marais. Mada isiyokamilika huhamishiwa kikao kijacho kwa Kanuni ya 16, bila uamuzi wowote. Msimamo unaoandaliwa Novemba, COP ikiwa mlangoni, umechelewa.

Tazameni mada ya hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza mfumo wa bima mwaka 1991. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa kwenye COP ya Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai tarehe 30 Novemba 2023, na bodi yake ya watu 26 ina viti 14 vya nchi zinazoendelea. Miaka 31 ya kurudisha ajenda ileile mezani. Anayesema wajumbe "huenda kutembea tu" aihesabu miaka hiyo.

Kushindwa nako kupo. Kwenye COP ya Baku, mwaka 2024, tulidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka za fedha za tabianchi kwa nchi zinazoendelea. Lengo lililopitishwa ni angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. India ilipinga vikali, ila rais wa mkutano alikuwa ameshagonga nyundo kutangaza kuwa uamuzi umepita. Pingamizi la baada ya nyundo huingia kwenye kumbukumbu, halibadilishi uamuzi. Kwa hiyo kibao cha jina la nchi huinuliwa mapema kuomba kusema, na mtu habanduki kitini hata iwe saa tisa usiku.

Tunaulizwa pia kuhusu faini kwa nchi isiyotimiza wajibu wake. Makubaliano ya Paris ya tabianchi, ya mwaka 2015, hayana faini. Kamati ya Ibara ya 15, yenye wajumbe 12, hufuatilia nchi ambayo haikuwasilisha mchango wake wa taifa (mpango wake wa kukabili mabadiliko ya tabianchi) au ripoti ya lazima; huiandikia, huzungumza nayo, hupendekeza msaada. Haiadhibu nchi tajiri wala maskini.

Sasa beji. Majina ya ujumbe wa serikali huingizwa kwenye mfumo wa sekretarieti ya Mkataba na mratibu wa taifa pekee, yaani afisa wa serikali anayewasiliana nayo. Juu ya hapo, hati ya uteuzi isainiwe na mkuu wa nchi, mkuu wa serikali au waziri wa mambo ya nje, na ifike si zaidi ya saa 24 baada ya kufunguliwa kwa kikao. Asasi isiyo ya serikali huingia kama mwangalizi, na lazima kwanza ikubaliwe, kwa kuonyesha hati za usajili na kwamba haigawani faida. Hatua hiyo huchukua miezi, basi maombi ya Addis yasisubiri 2027. Ikishakubaliwa hupewa idadi ya nafasi, ndipo iteue majina.

Beji haiazimwi wala haiuzwi. Anayekutaka ulipie "nafasi ya COP" ni tapeli. Kuandamana ndani ya eneo la bluu, yaani eneo rasmi la majadiliano, bila kibali cha sekretarieti kunaweza kukunyang'anya beji papo hapo, na ofisi ya mratibu wa taifa haina mamlaka ya kuirudisha.