Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo ya kuogopa

"Subiri moshi uishe, makaa ya mawe yakishakuwa mekundu ingiza jiko ndani." Ushauri huu haufi, na siku hizi unatolewa kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Jamani, hapana.

Moshi wenyewe una ubaya wake. Una masizi yanayochafua nguo kwenye kamba, salfa dayoksaidi inayowasha koo na kula mabati, na lami inayoganda kwenye bomba la moshi. Lakini huo unauona, unakohoa, unatoka nje.

Sasa tazama makaa yaliyokolea. Hewa inaingia kwa chini, kaboni inaungua na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa yenye joto kali inageuka kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, na tabaka la makaa likiwa nene zaidi, inageuka kwa wingi zaidi. Vile vindimi vya bluu vinavyocheza juu ni gesi hiyo ikiungua, yaani angalau sehemu yake inateketea. Ukifunika makaa kwa majivu ili moto "ulale" hadi asubuhi, umezima vindimi tu. Gesi inaendelea kutoka, haina rangi wala harufu, na wewe umefunga mlango.

Beseni la maji chumbani halisaidii, gesi hii haiyeyuki majini kiasi cha maana. Kulala kitanda kilichoinuka nako hakusaidii: uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa, inajaa chumba kizima.

Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, na kwa hewa ya kawaida nusu yake huchukua muda wa saa 4 hadi 5 kutoka. Na tafadhali, acheni kutegemea kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni! Taa zake hazitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 na mtu anazimia. Wote nyumbani wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje, kisha hospitalini ombeni damu ipimwe kaboksihimoglobini, yaani himoglobini iliyobeba sumu hii.

Kengele ya kugundua gesi hii iweke nyumbani, ila usiiamini kupita kiasi. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 50291, penye sehemu 300 za gesi hii kwa milioni ya hewa ni lazima ilie ndani ya dakika 3. Penye sehemu 30 hairuhusiwi kulia kabla ya dakika 120, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 kwa saa 24 ni kama sehemu 3.5 tu. Imetengenezwa usife; maumivu ya kichwa hayaihusu.

Dirisha? Upepo ukigeuka, upenyo uleule unarudisha gesi ndani. Jiko la makaa ya mawe lisilo na bomba linalopita paa libaki nje. Lenye bomba, kabla ya kuwasha choma karatasi mdomoni mwa bomba: moshi ukirudi chumbani, bomba limeziba au bado ni baridi, usiwashe.