Kulala kwenye kapsuli na kuoga sauna Japani: yanayosemwa na yalivyo kweli

Nilipompigia shangazi simu kutoka Tokyo nikamwambia nimelala kwenye hoteli ya kapsuli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba, umeishiwa kiasi hicho? Sema tukuchangie." Alikuwa ameziona picha: vijumba vya kulala vimepangwa ukutani, kimoja juu ya kingine, kama mizinga ya nyuki. Picha zile si za uongo, ila zinaacha nje nusu ya jengo. Ghorofa ya juu ya vijumba vile palikuwa na hodhi la maji moto, sauna (chumba cha joto kali cha kutolea jasho), hodhi la maji baridi na viti vya kupumzikia, vyote ndani ya bei ya kitanda.

Tangu siku ile nimelala kwenye hoteli za namna hiyo mara kadhaa, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Naandika kwa sababu ndugu zetu wanaokwenda Japani kwa masomo au kununua magari wanazikimbia kwa hofu isiyo na msingi, na wengine wanaziingia bila kujua yale ambayo kweli yanafaa kujulikana mapema.

Dhana: Ni hoteli, sauna imeongezwa ili kuvutia wateja

Historia inasema kinyume. Hoteli ya kwanza ya kapsuli, Capsule Inn Osaka, ilifunguliwa mwaka 1979 mtaa wa Umeda, nayo ilizaliwa na sauna. Mwenye sauna aliona wateja wake, watu wa maofisini waliokosa treni ya mwisho, wakijilalia kwenye viti vya kupumzikia mpaka kupambazuke. Akamwendea msanifu majengo Kisho Kurokawa, ambaye alikuwa ameonyesha makazi ya kapsuli kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970, ili wateja wale wapate mahali pa kulaza ubavu.

Ndiyo maana ukiingia unajiona umeingia hamamu, yaani bafu la umma, kuliko hoteli. Viatu vinabaki mlangoni kwenye kabati dogo, nguo zako zinabaki kwenye kabati jingine, unapewa taulo na nguo nyepesi za kuvalia humo ndani, na kuanzia hapo wote mnafanana, meneja na dereva wa lori.

Wengi pia hudhani hoteli ya kwanza ya kapsuli ni lile jengo la Nakagin la Ginza, Tokyo. Nakagin nalo lilichorwa na Kurokawa, likakamilika mwaka 1972 likiwa na kapsuli 140, lakini halikuwa hoteli. Zilikuwa nyumba ndogo na ofisi za watu, kila moja na bafu lake. Lilibomolewa mwaka 2022.

Dhana: Ni kulala jenezani, hewa itakuishia

Kijumba cha kawaida kina urefu wa mita 2 hivi, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Mimi si mfupi, na nilikaa kitako bila kichwa kugusa dari. Ndani mna godoro, mto, taa inayopunguzwa mwanga, soketi ya kuchajia simu na tundu la kupitishia hewa. Mlangoni hamna mlango. Mna pazia unaloliteremsha kama unavyoteremsha pazia la dirisha la basi. Hewa haiishi. Mwenye hofu ya mahali pafinyu, hofu ambayo ni ya kweli na haiondolewi kwa kuambiwa "jikaze", aombe kijumba cha chini na aache pazia juu kidogo. Wapo pia ambao hawatapata usingizi hata hivyo. Hao watafute chumba cha kawaida.

Tabu iliyopo ni sauti. Pazia halizuii mkoromo, na katika watu 40 hakosekani anayekoroma. Nenda na vizibo vya masikio. Alamu ya simu usiiache ilie. Iweke kwenye mtetemo, simu uilaze chini ya mto.

Dhana: Kama hakuna kufuli, wizi ni lazima

Kufuli hakuna kwa sababu ya sheria, si kwa uzembe. Japani inaziandikisha hoteli hizi kama nyumba za malazi sahili, ambamo watu wanachangia ukumbi wa kulala. Kijumba chako kinahesabiwa kitanda, hakihesabiwi chumba. Vitu vyako vinafungiwa kwenye kabati lenye ufunguo, na ufunguo wenyewe unavaliwa mkononi kama bangili, hata ukiwa majini. Pasipoti na pesa viache humo. Sanduku kubwa la safari halitaingia kwenye kabati, kwa hiyo mara nyingi linabaki mapokezi au linafungwa kwa waya karibu na hapo. Ukilijaza vitenge vya biashara, fikiria mapema.

Dhana: Nitajifunga kikoi changu, nani ataniuliza?

Utaulizwa. Hili ndilo ningependa kila Mswahili alijue kabla hajalipa. Kwenye mabafu ya pamoja ya Japani, sauna ikiwemo, mtu anaingia bila nguo kabisa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, lakini ndani ya kila upande ni utupu. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, kikoi hakiruhusiwi, wala taulo haliruhusiwi kugusa maji ya hodhi. Kitaulo kidogo unachopewa unajisitiri nacho ukitembea, na ukiingia majini unakikunja ukakiweka kichwani au ukingoni.

Kwetu pwani kuoga pamoja si jambo geni. Hamamu za Hamamni pale Mji Mkongwe, Unguja, zilizojengwa zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, zilikuwa za umma, na watu walikwenda kujisafisha na kuzungumza. Ila kwa Muislamu, kusitiri uchi hakuishi kwa kuwa walio mbele yake ni wanaume wenzake. Mimi nilimwuliza kijana wa mapokezi kama yapo manyunyu ya kuogea ya faragha, akanionyesha vyumba vitatu vyenye mlango na komeo, akanieleza pia kwamba usiku wa manane bafu huwa na watu wachache. Hoteli nyingi zina manyunyu ya namna hiyo. Sauna si lazima. Ukiiacha hakuna anayekushangaa. Tatizo ni kuingia ukiwa umevaa. Ndani ya kijumba huwezi kusimama ukaswali, kwa hiyo ulizia pembe ya ukumbi wa mapumziko au ngazi tulivu.

Kabla ya kugusa hodhi au sauna, unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba na kujisugua kwa sabuni mpaka utakate. Mara ya kwanza nilijimwagia maji mawili matatu nikaelekea hodhini. Mzee mmoja akanigusa bega, akanionyesha kigoda, akanisogezea sabuni. Hakukasirika. Nilikaa nikaoga kama nilivyofundishwa na bibi, masikio na visigino vikiwemo.

Chale za wino, yaani tatuu, nazo zinakatazwa sehemu nyingi. Mwenye hina iliyokolea aieleze mapokezi kabla, isije ikadhaniwa ni chale.

Dhana: Sauna inatoa sumu mwilini na kuyeyusha mafuta

Hapana. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Jasho karibu lote ni maji na chumvi kidogo, na kilo unayoiona imepungua kwenye mizani inarudi ukinywa maji. Yapo matumaini ya kweli kuhusu moyo: utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka ipatayo 20, uliona kwamba wanaoingia sauna mara nyingi kwa wiki walipatwa na vifo vya ghafla vya moyo kwa kiwango cha chini kuliko wanaoingia mara moja. Lakini ulikuwa utafiti wa kuangalia maisha ya watu, hauthibitishi kwamba sauna yenyewe ndiyo iliyowalinda, na ulihusu watu waliozoea tangu utotoni.

Dhana: Ukikaa muda mrefu zaidi ndipo unafaidi

Sauna ya Japani kwa kawaida ni ya joto kavu, mara nyingi kati ya nyuzijoto 80 na 100 za Selsiasi. Ukutani huwa pana saa ambayo mshale wake mmoja humaliza mzunguko kwa dakika 12, na watu huitazama hiyo. Mgeni atosheke na dakika tano au sita, akae benchi la chini ambako joto ni pungufu. Ukitoka, jimwagie maji kwanza kuondoa jasho, ndipo uingie hodhi la maji baridi kwa muda mfupi, kisha ukae kitini utulie. Utulivu ule wa kitini, mwili mwepesi na akili imetua, Wajapani wanauita totonou, na wengi huja kwa ajili yake tu. Maji usiyamwage kwenye mawe kwa hiari yako. Sehemu nyingi ni kazi ya wahudumu au mtambo.

Aliyelewa asiingie kabisa. Kilevi na joto vyote hushusha presha, na mtu anaweza kuzimia humo. Mwenye maradhi ya moyo au presha isiyotulia, na mjamzito, wamwone daktari kwanza.

Dhana: Wanawake hawaruhusiwi

Zamani nyingi zilikuwa za wanaume tu, na zingine bado. Siku hizi zipo zenye ghorofa za wanawake na lifti yao peke yao. Ila soma tangazo kwa makini: baadhi zinawapa wanawake kitanda na manyunyu, sauna ikabaki upande wa wanaume.

Dhana: Nikilipia siku tatu, kitanda ni changu siku tatu

Hapa nilikosea mwenyewe. Sehemu nyingi, hata ukilipia usiku kadhaa mfululizo, saa 4 asubuhi kila mtu anatoka, wafanyakazi wasafishe, na unarudi alasiri, pengine kwenye kijumba kingine. Nilikuwa bado nimelala pazia lilipogongwa taratibu. Nikakusanya vyangu, nikashuka na bangili mkononi, nikairudisha mapokezi. Kijana akapokea kwa mikono miwili, akainama, akanipa ufunguo wa kabati la viatu.