Babu Mskoti: jina lake si nasaba yake

Mteja anayetafuta nasaba yake akianza na "sisi ni Campbell, kwa hiyo ni ndugu wa Duke wa Argyll", yaani chifu wa ukoo wa Campbell, huwa namwomba kwanza aikunje ile bendera ya ukoo aliyonunua mtandaoni. Jina moja, damu moja: dhana hii naisikia mno, na ndiyo inayopoteza watu kuliko zote.

Katika Nyanda za Juu za Uskoti, mpangaji aliweza kuchukua jina la chifu mwenye ardhi bila kuwa na tone la damu yake. Alitaka shamba na ulinzi, basi. Kwingineko majina mengi ni ya kazi: Smith, yaani mhunzi, ndilo jina lenye watu wengi zaidi Uskoti, na wahunzi hao hawakuzaliwa tumbo moja. Tena wapo waliovuliwa jina kwa nguvu. Mwaka 1603 serikali ya Mfalme James VI wa Uskoti ilipiga marufuku jina la MacGregor, na aliyeling'ang'ania angeweza kuuawa. Watu wakajiita Grant, Murray, Drummond, wengine hata Campbell, na Campbell ndio waliokuwa wakiwawinda! Marufuku ilifutwa 1661, ikarudishwa 1693, ikaondolewa kabisa 1774. Kufikia hapo vizazi kadhaa vilikuwa vimebatizwa na kuzikwa kwa jina la kuazima, na si wote waliorudia la zamani. Sasa wewe, babu yako Drummond alipanda meli kwenda Nova Scotia, Kanada, nasaba yako unaijuaje kwa kusoma jina tu?

Nembo ya familia nayo haipo. Kwa sheria ya Uskoti nembo ni ya mtu mmoja, chini ya mamlaka ya Lord Lyon, ofisa anayesimamia nembo Uskoti. Hiyo iliyo kwenye kikombe chako ni ya muuza vikombe. Mirabaraba ya tatani, kile kitambaa cha Kiskoti, ya kila ukoo? Mingi ni ya karne ya 19, mtindo ulioshika kasi Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822. Na "jina linaloanza na Mac ni la Mskoti, la Mc ni la Mwairishi" ni porojo. Karani aliandika alivyoona inafaa, leo hivi, kesho vile.

Wengine huzama kwenye orodha za abiria wa meli wakitafuta kijiji alikotoka babu. Za waliotoka bandari za Uingereza zilizohifadhiwa huanza, kwa sehemu kubwa, 1890. Zile zilizotunzwa ng'ambo, walikofikia, mara nyingi huandika "Scotland", nukta.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi mnichoke: mtafuteni ndugu wa huyo babu aliyebaki nyumbani. Tangu 1 Januari 1855, cheti cha kifo cha Uskoti hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama la kabla ya kuolewa, mradi mtoa taarifa aliwajua. Babu aliyeondoka 1840 hana cheti huko. Dada yake aliyefia Greenock mwaka 1870 anacho, na wazazi ni wale wale. Ukishalipata jina la huyo mama, ndipo uingie ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za Uskoti, kwenye daftari za parokia, na uanze na ndoa ya wazazi, si ubatizo wa babu.