Je, Wajua Kwa Nini Sayari Hujipanga Mstari Mmoja Angani?

Jioni moja ya Januari 2025 umeme ulikatika mtaani kwetu Mbagala, tukatoa mikeka nje kupunga upepo. Magharibi Zuhura iling'aa kama taa ya bodaboda, Zohali ikiwa jirani yake, hafifu. Juu, upande wa kaskazini, ilikuwa Mshtarii. Mashariki Mirihi ndiyo kwanza inapanda, nyekundu. Mpwa wangu wa darasa la sita akanyoosha kidole kutoka moja hadi nyingine, kisha akauliza: "Mjomba, mbona zimejipanga kama nguo kwenye kamba?"

Na kweli zimejipanga. Anga ni kubwa, lakini hutaiona sayari kule kwenye Msalaba wa Kusini hata ukeshe mwaka mzima. Zote hufuata njia ileile ya jua na mwezi, ambayo kwetu Dar, tulio karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hupita karibu na utosi. Sababu ni kwamba sayari zote nane hulizunguka jua kama zimewekwa juu ya sinia moja, tena kuelekea upande mmoja. Ukilinganisha na njia ya Dunia, ya Utaridi ndiyo iliyoinama kuliko zote, nyuzi 7 tu. Nyingine hazifiki 4.

Hiyo haiwezi kuwa bahati. Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1755, na Mfaransa Pierre-Simon Laplace mwaka 1796, kwamba jua na sayari vilitokana na kitu kimoja kilichokuwa kikizunguka. Leo tunajua kilikuwa wingu la gesi na vumbi, lililoanza kusinyaa kwa uzito wake lenyewe miaka bilioni 4.6 iliyopita. Kadiri lilivyosinyaa ndivyo lilivyozidi kuzunguka kasi.

Lakini kwa nini liwe sinia, lisiwe mpira? Fikiria Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Ukienda kinyume na umati utapigwa vikumbo, na mwishowe utajikuta unakwenda wanakokwenda wenzako. Chembe zilizopanda ziligongana na zilizoshuka, mwendo wa juu na chini ukafutika. Mwendo wa kuzunguka haukupata wa kuupinga, maana wingu lote kwa jumla lilikuwa likielekea upande huo. Ukabaki huo, wingu likawa bapa.

Katikati kukakusanyika karibu kila kitu: jua peke yake lina zaidi ya asilimia 99.8 ya uzito wa mfumo mzima. Sayari, pamoja na hii tunayogombania viwanja, ni ukoko uliobaki sufuriani.

Umewahi kufagia chini ya kitanda ukakuta vumbi limejisokota vibonge? Vumbi la sinia lile nalo lilianza hivyohivyo kushikana, baadaye yakawa mawe, kisha miamba yenye mvutano wa kutosha kunasa mingine. Karibu na jua joto halikuruhusu barafu. Vilivyoganda ni mawe na chuma, navyo vilikuwa haba, ndiyo maana Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni ndogo na ngumu. Kuanzia ng'ambo ya Mirihi maji yaliganda, malighafi ikawa tele. Mshtarii ikanenepa upesi ikaanza kufyonza gesi, na sasa ina uzito wa Dunia 318. Wako wanaolieleza hili kama kupepeta mchele, vizito huku vyepesi kule. Mimi mfano huo siupendi: jambo lilikuwa nini kiliweza kuganda wapi.

Mwishoni sayari changa ziligongana sana. Mwezi wetu unaaminika ulitokana na sayari changa, ya ukubwa wa Mirihi hivi, kuipiga Dunia. Uranusi imelala ubavu, yaelekea nayo iligongwa, ila njia yake kwenye sinia haikuiacha.

"Nani alikuwepo akaona?" mpwa akaniuliza. Hakuwepo mtu. Lakini mwaka 2014 darubini za ALMA, jangwani Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri, na sinia lenyewe likaonekana likiizunguka, lina mifereji ambayo huenda inachimbwa na sayari zinazozaliwa. Umri wa mfumo wetu nao tunaupata kwenye vimondo. Kile cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, kina chembe nyeupe ambazo madini yake ya risasi yaliyotokana na urani yanaonyesha umri wa miaka milioni 4,567.

Sisi tunacho cha kwetu, Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Vimondo vya chuma kwa kawaida ni vipande vya viini vya vijisayari vilivyoyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha vikagongana na kupasuka. Mpwa anataka kukigusa. Nimemwambia mabasi ya Tunduma hupita Vwawa, tusubiri shule zifungwe.